Gambuti za kuingilia migodi ya zamani: nunua soli kabla ya kununua urefu

Mtu akienda dukani kutafuta viatu vya kuingilia mgodi wa zamani, swali lake la kwanza huwa ni zinafika wapi: magotini au chini ya hapo? Muuzaji naye hushikilia hilo hilo, maana urefu unaonekana kwa macho na unapandisha bei. Lakini mgodi uliotelekezwa humuumiza mtu unyayoni na vidoleni, mara chache sana gotini.

Chukua mgodi wa dhahabu wa Sekenke kule Iramba, uliochimbwa tangu enzi za Wajerumani (dhahabu yake ndiyo iliyotumika kutengeneza sarafu za rupia 15 za Tabora mwaka 1916), au Saza kule Chunya, au Rosterman karibu na mji wa Kakamega, uliofungwa mwaka 1952. Machimbo ya umri huo yana sakafu za aina moja: matimba (magogo ya kuegemeza mwamba) yaliyooza yakaacha misumari yake, vipande vya waya na reli, kwatzi (jiwe gumu jeupe) iliyopasuka ikabaki na makali ya kisu, na juu ya vyote hivyo tope laini au maji ya kufika vifundoni. Unakanyaga usichokiona. Ndiyo maana mpangilio wangu unaanza na soli, unafuata vidole, kisha namna kiatu kinavyoshika mguu. Urefu nimeuweka mwisho.

Nazungumza na mchimbaji mdogo anayerudia duara (shimo la kuchimbia) la zamani, mwanafunzi wa jiolojia, na yeyote anayeingia kwa ruhusa. Ruhusa nimeitaja makusudi, kwa sababu mashimo mengi yanayoonekana hayana mwenyewe yamo ndani ya leseni ya mtu.

Nafasi ya 1: gambuti za sefti za PVC yenye naitrili, daraja la S5

Mwenye hela ya pea moja tu anunue hizi. Zinapatikana kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi na migodi, kuanzia Kariakoo na Gerezani hadi Kahama na Geita. Maji yenye chumvi au tindikali hayazidhuru, na ile naitrili (aina ya mpira) iliyochanganywa huzipa uvumilivu wa dizeli na oili zinazomwagika kwenye pampu na kompresa. PVC tupu ni rahisi zaidi, ila hukakamaa mapema na kupasuka pale mguu unapokunjika, karibu na vidole.

Usiamini neno la muuzaji, soma muhuri. Uko ndani ya shingo ya buti au chini ya soli, na unataja EN ISO 20345, kiwango cha kimataifa cha viatu vya usalama, pamoja na daraja. Kwa buti za mpira na plastiki, madaraja utakayokutana nayo sana ni S4 na S5. Zote mbili zina kinga ya vidole iliyopimwa kwa pigo la jouli 200, yaani chuma cha kilo 20 kinachoachiwa kutoka karibu mita 1, na kwa mgandamizo wa kama tani 1 na nusu. Kwa nje si rahisi kuzitofautisha. Tofauti kubwa iko ndani ya soli: S5 ina bati la kuzuia msumari, S4 haina. Muuzaji akikwambia "hizi ni sefti", hajasema uongo hata kama ni S4, kwa hiyo wewe ndiye wa kutazama namba. Kwenye toleo la mwaka 2022 la kiwango hicho utaona pia S5L na S5S. Hizo zina kitambaa kigumu badala ya bati. L hupimwa kwa msumari mnene wa milimita 4.5 na S kwa mwembamba wa milimita 3. Mimi kati ya hizo mbili ningechukua S, na kama naona bati la chuma, nachukua la chuma.

Kipimo cha msumari ni nguvu ya nyutoni 1,100, sawa na uzito wa kama kilo 110. Mtu wa kilo 80 aliyebeba mfuko wa mawe akishuka ngazi kwa kishindo anavuka hapo, kwa hiyo bati hilo lisikufanye ukanyage ovyo.

Geuza buti utazame meno ya soli. Unataka meno marefu yaliyoachana, yanayotema tope unapoinua mguu. Vipimo vya utelezi vya maabara hufanywa juu ya vigae, na mwamba wenye utando wa tope ni kitu kingine kabisa. Hapa ndipo wengi hunaswa na buti nyeupe za machinjioni. Nazo huwa na muhuri halali, pengine hata bei nzuri, lakini soli zake zimetengenezwa kwa sakafu ya vigae, meno mafupi yaliyobanana, na tope likishaingia humo linabaki humo.

Halafu zivae. Nenda dukani mchana au jioni, miguu ikiwa imeshatanuka, ukiwa na soksi nzito zile zile utakazoingia nazo. Sukuma mguu mbele hadi vidole viguse chuma, kisha jaribu kupitisha kidole kimoja cha mkono nyuma ya kisigino: kipite, viwili visipite. Panda ngazi ya duka, au hata kreti la soda, kwa nusu ya mbele ya mguu, ukishuka kinyumenyume kama unavyoshuka duarani. Vidole vikigonga chuma wakati wa kushuka, ongeza namba. Kisigino kikiinuka sana wakati wa kupanda, punguza, kwa sababu tope zito litaivua hiyo buti na utabaki umesimama na soksi kwenye misumari. Gambuti haina kamba za kukuokoa. Inashika kwa umbo lake tu.

Jambo moja zaidi la kutazama: alama ya tarehe. Kiwango kinataka mwezi au robo ya mwaka na mwaka wa kutengenezwa viandikwe. Plastiki iliyokaa stoo yenye joto la bati kwa miaka mingi hukakamaa kabla haijauzwa.

Nafasi ya 2: gambuti za poliyurethani, S5

Kwa ubora tu zingekuwa juu. Ni nyepesi kwa namna utakayoisikia mapajani baada ya saa chache, hazipasuki upesi kwenye mkunjo, na hukinga baridi. Dunlop Purofort ni mfano unaojulikana. Nimezishusha kwa sababu ya bei, na kwa sababu nje ya miji mikubwa namba yako huenda isipatikane. Kinga ya baridi nayo ina maana kwenye mgodi wa Kilembe kule Uganda, chini ya milima ya Ruwenzori, shaba ilikoanza kuchimbwa mwaka 1956. Kwenye maduara marefu ya tanzaniti ya Mirerani, ambako kadiri unavyoshuka joto linaongezeka, unalipia kitu kitakachokutoa jasho. Anayeingia kila wiki anunue. Anayeingia mara mbili kwa mwaka aweke hela kwenye kofia ngumu na taa ya pili.

Nafasi ya 3: gambuti za kawaida za shamba

Hazina chuma mbele wala bati chini. Zile za mpira halisi ni laini, hushika mwamba vizuri, na zikitoboka fundi baiskeli anaweza kuziziba kwa kiraka na solusheni, jambo ambalo kwa PVC halishiki vizuri. Oili huzila, na jua pia. Zinafaa kwa njia ya mlalo ambayo sakafu yake imeshasafishwa na watu wanaiendea kila siku. Kwa mgodi usioujua, hapana.

Nafasi ya 4: buti za ngozi zinazosemekana haziingizi maji

Kwenye ngazi na mawe makavu hakuna buti inayoshika kifundo cha mguu vizuri kama hii, na kama mgodi wako ni mkavu ipandishe hadi ya kwanza bila kuniuliza. Lakini maji yakivuka shingo yake hukauki siku hiyo wala kesho yake. Pia migodi yenye madini ya salfaidi (yaliyoungana na salfa) hutoa maji yenye tindikali: ukiona tope la rangi ya machungwa chini, ndiyo hayo. Yanakula nyuzi za mshono na vyuma vya kupitishia kamba.

Nafasi ya 5: suruali za mpira za wavuvi

Watu huzitamani kwa sababu zinafika kiunoni au kifuani. Usinunue. Kwenye maji ya kufika pajani huoni kama hatua inayofuata kuna sakafu au mdomo wa shimo la wima. Zikijaa, maji yaliyomo hayakulemei ukiwa bado umezama, ila unaposhika ngazi kutoka unakuwa umebeba ndoo kadhaa miguuni. Machi 2008 mvua kubwa ilijaza maduara ya Mirerani na makumi ya wachimbaji wakafa. Hakuna buti ya urefu wowote ambayo ingewasaidia. Maji yakifika magotini, geuza.

Katambuga na yeboyebo sikuzipa nafasi.

Yapo mambo ambayo hata S5 haifanyi. Soli yake huondoa umeme tuli mwilini, na hiyo si kinga dhidi ya waya wa pampu uliochunika ukalala majini. Wala haina la kufanya kwenye hewa nzito isiyo na oksijeni, ambayo hutuama chini kabisa, kule kule buti zinakokupeleka.

Ukinunua mitumba, zikunje kwenye mkunjo wa vidole chini ya mwanga: mistari midogo midogo hapo ni mipasuko inayongoja. Kisha viringisha shingo kuelekea chini ili hewa ibanwe ndani, na uisogeze sikioni. Tundu litapiga mluzi. Sumaku ndogo itakuambia kama mbele kuna chuma, ingawa kinga nyingine ni za plastiki ngumu na haziivuti. Za mpira zenye harufu ya dizeli ziache.

Baada ya kutoka, zioshe kwa maji ya kawaida, toa soli ya ndani, jaza magazeti, zining'inize kivulini mbali na moto. Kama umepita mahali dhahabu inapokamatwa kwa zebaki, buti zibaki huko kazini. Zisiingie ndani ya nyumba wanakotambaa watoto.