Steshenari ya Kabwe kwa Waliopunguzwa Kazi: Peleka Barua Yako, CV Iandike Mwenyewe

Jijini Mbeya maduka ya steshenari yanayoandika CV ni mengi, hasa ukitokea Mafiati kwenda Mwanjelwa, na watu wengi huchagua lenye foleni fupi. Hili ninalolizungumzia halina bango. Liko jirani na kituo cha daladala cha Kabwe, na linajulikana kwa meza ndogo ya ndani ambapo dada mmoja, aliyewahi kuwa karani wa utumishi kiwandani, huwahudumia watu waliopunguzwa kazi. Nililipia huduma yake baada ya kampuni niliyoitumikia kama mtunza ghala kupunguza wafanyakazi, na nimeona niandike kwa kuwa wengi wanaofika pale hulipia kilicho dhaifu na kukiacha kilicho bora.

Kilicho bora ni namna anavyokupangia makaratasi. Kabla ya kugusa kompyuta, dada huyu huomba barua ya kuachishwa kazi na kuisoma yote, hata kama mteja amesema amefuata CV tu. Nilimsikia akimwambia mzee aliyenitangulia, kwa upole lakini bila kuzunguka: "Baba, CV itasubiri, lakini barua hii ina tarehe." Alikuwa na hoja. Mfanyakazi anayeamini kuwa ameachishwa isivyo halali ana siku 30 tangu tarehe ya kuachishwa kupeleka lalamiko lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile ambayo wengi tunaiita CMA, na akichelewa hulazimika kwanza kuomba kuongezewa muda kwa kueleza sababu za msingi. Ukizingatia kwamba wiki za mwanzo mtu huzimalizia kwa ndugu na marafiki akiulizia nafasi, ni rahisi muda huo kuisha bila yeye kujua kuwa ulikuwepo. Dada huandika tarehe ya mwisho kwa kalamu nyekundu juu ya faili, na jambo likihitaji kubishaniwa humwelekeza mteja ofisi za Tume zenyewe au chama chake cha wafanyakazi. Hajifanyi mwanasheria, na hilo nalihesabu kuwa sifa.

Baada ya hapo huja hesabu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza watu atoe taarifa mapema, aeleze sababu, na ashauriane na wafanyakazi au chama chao kuhusu namna ya kuepuka au kupunguza idadi ya watakaoondoka na vigezo vya kuwachagua. Anayelipwa kwa mwezi anastahili notisi isiyopungua siku 28 au malipo badala yake, likizo ambayo hakuichukua, na kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka kamili wa utumishi, kwa miaka isiyozidi 10. Dada huyu hufanya hesabu hiyo mbele yako kwa kikokotoo. Kwa mfano, mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 520,000 anayefanya kazi siku 6 kwa wiki hugawanyiwa kwa 26, yaani siku za kazi za mwezi, akapata shilingi 20,000 kwa siku. Akiwa ametumikia miaka 9, kiinua mgongo chake hakiwezi kupungua shilingi 1,260,000. Barua niliyopewa mimi ilikuwa na jumla moja tu isiyo na mchanganuo, na ni karatasi yake iliyoniwezesha kurudi kwa mhasibu na kuuliza kila kifungu kwa jina lake.

Pia hukukumbusha kudai cheti cha utumishi, ambacho mwajiri anawajibika kukitoa, na kufuatilia NSSF fao la kukosa ajira, ambalo mwanachama aliyechangia angalau miezi 18 na ambaye hakuacha kazi kwa hiari yake anaweza kulipwa theluthi ya mshahara kwa miezi 6. Kwa kazi hii yote anatoza shilingi 5,000, nakala ukilipia pembeni. Sijui pengine ambapo shilingi elfu tano hufanya kazi kubwa namna hiyo.

CV yenyewe ni habari nyingine. Inagharimu shilingi 5,000 vilevile, na inatoka katika kiolezo kimoja kinachomfanya dereva wa malori, mpishi na mtunza ghala wote wawe "wachapakazi wenye uwezo wa kufanya kazi bila kusimamiwa". Hakuna swali nililoulizwa kuhusu aina ya bidhaa nilizotunza, mfumo wa kumbukumbu tulioutumia wala ukaguzi nilioupitia, mambo ambayo ndiyo mwajiri mwingine angependa kuyasoma. Ushauri wangu ni kwamba uandike mwenyewe kwa mkono nyumbani, kisha umpe akuchapie tu.

Kwa wanaoomba kazi serikalini kupitia Ajira Portal, meza hii ni ya kuaminika zaidi. Dada anajua kwamba hati ya matokeo haikubaliki badala ya cheti chenyewe, na kwamba barua ya maombi isiyosainiwa ni kazi bure. Humweleza mteja mapema, kabla hajatoa fedha, kwamba matangazo mengi ya Sekretarieti ya Ajira huweka ukomo wa umri wa miaka 45, jambo ambalo baadhi ya steshenari hulinyamazia ili zisipoteze mteja. Kwa sisi tuliopunguzwa tukiwa na umri mkubwa, maelezo hayo yanauma, lakini yanaokoa nauli na muda. Wenye ufundi walioupatia kazini bila cheti huwaelekeza VETA, ambako kuna utaratibu wa kuupima na kuurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mafunzo rasmi. Fundi wa mashine niliyefanya naye kazi amekwenda kuuliza huko kwa maelekezo yake.

Kasoro ambayo siwezi kuinyamazia ni usiri. Mteja asiye na barua pepe hufunguliwa hapo hapo, na nenosiri huandikwa kwenye daftari la kaunta ambalo huachwa wazi karibu na mashine ya fotokopi, pamoja na namba za NIDA. Ni kweli kwamba wengi husahau nenosiri na kurudi kuliulizia, lakini wito wa usaili hupitia kwenye akaunti hizo, na daftari lenye funguo za watu wengi namna hiyo halipaswi kuwa mahali ambapo kila anayenunua kalamu anaweza kulipekua. Nilipomwambia, alilihamishia kwenye droo, sikuona kufuli. Nenda na barua pepe uliyoifungua kwenye simu yako, iliyounganishwa na namba yako mwenyewe.

Epuka Jumamosi, kwa kuwa wanafunzi hujaa na meza ya ndani hugeuzwa kuwa ya kufungia vitabu. Umeme ukikatika hawana jenereta, ingawa kusoma barua na kupiga hesabu huendelea mlangoni kwenye mwanga.