Kipanya cha Safari: Kipi Ununue Ukifanya Kazi Mikahawani na Hotelini

Anayefanya kazi nyumbani anaweza kununua kipanya chochote, maana meza yake anaijua. Anayesafiri na kompyuta hana meza. Leo yuko katika mkahawa wa katikati ya mji Lubumbashi, kesho hotelini Kolwezi, keshokutwa anasubiri karatasi za forodha Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo na Zambia, huku kompyuta iko mapajani. Mimi nashika hesabu za kampuni ndogo za usafirishaji na ujenzi, kazi ya majedwali marefu ya Excel, na njia yangu ni hiyohiyo: Lushi (ndiyo Lubumbashi), Likasi, Kolwezi, mara nyingine kuvuka mpaka hadi Ndola, Zambia. Kwa kazi hiyo kidole juu ya padi ya kompyuta huchoka mapema sana. Kipanya ni cha lazima.

Wauzaji watakutajia DPI, yaani wepesi wa mshale kwenye kioo cha kompyuta. Usibabaishwe na namba hiyo. DPI 1000 zinatosha kabisa kwa kazi ya ofisi. Yapo maswali matatu yenye uzito zaidi. Kitatembea juu ya meza nitakayoikuta? Kitamwacha jirani yangu alale? Na sehemu yake moja ikipotea njiani, kitaendelea kufanya kazi?

Swali la meza ndilo linaloangusha vipanya vingi, kwa hiyo nianze nalo. Chini ya kipanya kuna taa na kamera ndogo sana inayopiga picha za meza zaidi ya elfu moja kwa sekunde. Kinalinganisha picha moja na inayofuata, na kwa kuona vijialama vya mbao au karatasi vimesogea wapi, kinajua mkono wako umeelekea wapi. Kioo safi hakina alama. Mwanga unapita au unarudi wote, kamera haioni kitu, na mshale unaganda au unarukaruka. Sasa fikiria hoteli zetu: ni ngapi zimelaza kioo juu ya meza ya mbao ili isiharibiwe na chai? Mikahawa nayo inapenda meza za kioo cheusi na za vanishi inayong'aa. Ukikwama, weka karatasi ya A4 au jalada la faili chini ya kipanya na kazi itaendelea. Kitambaa cha meza kilichodariziwa kinasomeka vizuri na kamera, ila kinakwamisha mkono. Mimi hubeba kitambaa chembamba cha kipanya, kile kinachokunjika na kuingia kati ya kompyuta na mfuko wake. Hakigharimu kitu kikubwa, na kinafanya kipanya cha bei ndogo kifae karibu kila mahali.

1. Kipanya kidogo cha Bluetooth, cha kimya, cha betri moja ya AA

Hiki ndicho ningemshauri ndugu yangu anunue, na sisiti. Mfano mzuri ni Logitech Pebble Mouse 2, ambacho pia huandikwa M350s. Ni chembamba, kinaingia mfuko wa shati, kinakula betri moja ya AA, na mtengenezaji anasema betri hiyo hukaa hadi miezi 24. Kitufe kilicho chini yake kinakuwezesha kukiunganisha na vifaa vitatu na kuhama kutoka kimoja hadi kingine: kompyuta yako, tableti, kompyuta ya ofisini. Kilipotoka Marekani bei yake ilikuwa karibu dola 30. Huku kwetu ongeza usafiri na faida ya mwenye duka.

Kwa nini kimya? Mkahawani muziki unafunika kila kitu, lakini usiku ni jambo jingine. Wengi wetu tukisafiri tunalala katika nyumba za wageni za mapadre na masista, au tunagawana chumba na mwenzetu wa kazi. Kuta ni nyembamba. Mwenzako ameamka saa kumi alfajiri kuwahi basi, amerudi amechoka, na wewe una ripoti ya kumaliza kabla ya asubuhi. Kipanya cha kawaida kinabofya tak, tak, tak hadi saa sita. Cha kimya unakisikia kidoleni tu. Ni heshima kwa mtu aliyelala, na mimi naihesabu kama sehemu ya ubora wa chombo.

Kwa nini AA? Kwa sababu ya umeme wa SNEL, shirika letu la umeme. Umeme ukikatika jioni, chaji iliyopo ni ya simu na kompyuta. Sitaki kitu cha tatu kinachogombea waya uleule. Betri ya AA iko katika kila ligablo, yaani kiduka cha mtaani, kuanzia mtaa wa Katuba mjini Lubumbashi hadi kijiji cha kando ya barabara ya Kolwezi. Nunua zile zilizoandikwa alkaline. Zile nyepesi za bei ya chini kabisa huvuja mapema, na maji yake yanakula chuma cha ndani. Ukiweka kipanya kabatini kwa muda mrefu, toa betri. Ukikuta tayari kuna unga mweupe wa betri ya alkaline, pamba yenye tone la siki au ndimu huusafisha, kisha paache pakauke vizuri kabla ya kuweka betri mpya.

Faida ya Bluetooth ni kwamba hakuna kidude cha USB cha kupoteza, yaani kile kipokezi kidogo kinachochomekwa kwenye kompyuta, na tundu la USB linabaki wazi kwa ajili ya flashi ya mteja au modemu. Kuna na usalama. Februari 2016 kampuni ya Bastille ya Marekani ilionyesha kwamba vidude vya USB vya vipanya na kibodi visivyo na waya kutoka kwa watengenezaji wengi vingeweza kudanganywa na mtu aliye umbali wa hadi mita 100, akaingiza maandishi kwenye kompyuta yako kana kwamba ameketi kwenye kibodi. Udhaifu huo wakauita MouseJack, na vipanya vya Bluetooth havikuwamo. Baadhi ya watengenezaji walitoa masahihisho, lakini bidhaa za zamani bado zinazunguka sokoni, na anayefungua akaunti ya benki ya kampuni katika mkahawa uliojaa watu ana sababu ya kulifikiria.

Upungufu wake: kompyuta nyingi za zamani za mezani hazina Bluetooth, na juu ya kioo kinashindwa kama wenzake. Ndiyo maana ya kile kitambaa.

2. Kipanya kinachosoma kioo

Logitech walileta mwaka 2009 kamera waliyoiita Darkfield, inayotafuta vumbi na mikwaruzo midogo mno juu ya kioo na kuitumia kama alama. Inafanya kazi juu ya kioo chenye unene wa kuanzia milimita 4, na kioo cha meza ya hoteli kwa kawaida kinafikia hapo. Siku hizi kipanya kidogo chenye kamera hiyo ni MX Anywhere 3S: kina gramu 99, kubofya kwake ni kwa upole, na kinachajiwa kwa waya wa USB-C. Chaji moja inakaa hadi siku 70. Dakika moja ya chaji inatoa saa tatu za kazi. Kwa kuwa kinachajiwa kutoka kwenye kompyuta yenyewe, hujali plagi za Zambia zenye meno matatu mapana ambazo zinawasumbua Wakongo kila wakivuka mpaka.

Kitu kilichonivutia zaidi ni gurudumu lake. Ukilizungusha polepole linahesabu mstari kwa mstari. Ukilisukuma kwa nguvu linaachia na kuruka mamia ya mistari kwa pumzi moja. Mwenye jedwali la malori ya mwaka mzima atanielewa. Kama ajira yako inalipia vifaa, omba hiki. Nimekiweka nafasi ya pili kwa sababu ya bei tu: kilitoka kikiuzwa karibu dola 80, na kitu cha dola 80 kinachoachwa juu ya meza ya mkahawa wakati umeenda kunawa mikono kinaweza kuondoka na mtu.

3. Kipanya cha waya

Najua wengi watashangaa kukiona juu ya cha kidude cha USB. Lakini kipanya cha waya hakina betri, hakina cha kupoteza, hakisumbuliwi na mawimbi, na kinakubalika kwenye kompyuta yoyote utakayokutana nayo, hata ile ya zamani ya ofisi ya transita (wakala wa forodha) Kasumbalesa ambayo haina Bluetooth. Logitech B100 au M90, au kile cha HP au Dell kilichokuja na kompyuta ya mezani, vyote vinafaa. Hata kile kipanya cha kwanza cha dunia, kisanduku cha mbao alichokiunda Bill English mwaka 1964 kwa wazo la Douglas Engelbart, kilikuwa na waya. Waya hauna aibu.

Tabu yake ni kwenye meza ndogo ya mviringo: waya unasukuma kikombe. Uzungushe waya kwa duara kubwa unapoufunga, usiukunje kwa kona kali pale unapoingia mwilini mwa kipanya, maana hapo ndipo hukatika. Kama pesa ni kidogo, nunua hiki na kile kitambaa, na huna deni kwa mtu. Kama unayo, bado kiweke kwenye begi kama cha akiba.

4. Kipanya cha kidude cha USB

Hiki ndicho kinachouzwa zaidi mjini. Logitech M185 ni kizuri kwa kweli: betri moja ya AA hukaa hadi mwaka, mkono unakishika vizuri, na bei ni ya mtu wa kawaida. M220 ni ndugu yake wa kimya. Ukifanya kazi mahali pamoja, ningekupa hiki kwa moyo mweupe.

Safarini shida ni kidude chenyewe, kidogo kama punje ya maharage. Ukikiacha kwenye kompyuta, begi linakibana ndani ya basi na tundu linalegea. Ukikichomoa, kinaanguka chini ya kitanda cha hoteli. Vipanya vingi vya bei ya chini vimefungwa na kidude chake tangu kiwandani. Kimoja kikipotea, kilichobaki hakina kazi tena. Kwa hiyo hakikisha kipanya kina kishimo cha kukihifadhia, kwa kawaida pale betri inapokaa, na kirudishe humo kila unapofunga kompyuta. Jambo jingine: kama mshale unasitasita unapochomeka diski ya nje ya USB 3.0, usilaumu betri. Diski hizo hutoa kelele ya mawimbi karibu na gigahetsi 2.4, mawimbi yaleyale yanayotumiwa na kidude. Kihamishie upande wa pili wa kompyuta.

5. Kipanya cha mpira wa kidole gumba

Logitech ERGO M575 hakitembei kabisa. Unakiweka na kuzungusha mpira kwa kidole gumba, hivyo meza ya kioo, mto wa kitanda au paja, vyote ni sawa. Nimewaona wachoraji wa ramani za migodi wakikisifu, na kwa mwenye maumivu ya kiwiko kinaweza kupanda hadi nafasi ya kwanza. Ila ni kinene begini, hakimfai anayetumia mkono wa kushoto, na kidole kinahitaji siku kadhaa kuzoea.

Visivyo na jina vinavyopangwa katika soko la mtaa wa Kenya, Lubumbashi, kando ya chaja na vifuniko vya simu, viache kama ni vya kazi. Vibonyezo vyake huanza mapema kubofya mara mbili unapobofya mara moja, na katika hesabu hilo ni hatari. Magic Mouse ya Apple nayo tundu lake la chaji liko tumboni, hivyo huwezi kuitumia wakati inachajiwa.

Dukani

Kijana atakuambia, "Papa, hii ni orijino, ona kartoni yake." Kartoni haithibitishi kitu. Omba kifunguliwe, na uende na kompyuta yako. Bahati nzuri maduka mengi yana kaunta ya kioo: kisukume hapo uone kinavyofanya, kisha juu ya karatasi, kisha juu ya begi lako. Shika kona ya dirisha kwenye kompyuta na ulivute kutoka upande mmoja hadi mwingine. Likijiachia katikati ya safari, kibonyezo kimechoka. Zungusha gurudumu chini na juu ukiangalia kama ukurasa unarudi nyuma wenyewe. Bonyeza gurudumu lenyewe. Fungua mlango wa betri na kuufunga: kwenye vya bandia huwa umelegea au unakwama.

Angalia na ganda la nje. Katika kiangazi vumbi jekundu la Katanga linaingia kila mahali, na kwenye kipanya chenye mpira laini ubavuni linashika na kunata. Plastiki ngumu inafutika kwa kitambaa chenye unyevu. Kishimo cha kamera kisafishe kwa pamba kavu.

Dola zako ziwe safi, maana noti yenye mpasuko hata wa nusu sentimita itarudishwa, na chenji utapewa kwa franka kwa kiwango cha mwenye duka. Kiulize kabla ya kutoa pesa. Mwambie aandike kwenye risiti aina ya kipanya, tarehe, na siku ngapi anakubali kukibadilisha kikiharibika. Akikataa kuandika, nenda duka linalofuata.