Wembe wa Kukunja wa Kizamani: Ubovu wa Kuvumilia na Ubovu wa Kukimbia

Wembe wa kizamani usio na ila ni nadra kuupata. Cha muhimu ni kujua ila ipi inavumilika. Majina ya Sheffield (Uingereza) na Solingen (Ujerumani), miji yenye sifa ya kufua nyembe, yaliyochongwa kwenye chuma nayasoma mwisho, na hadithi za muuzaji sizisikilizi kabisa. (Akikuambia wembe una miaka 200 na umechongwa neno "Germany", tabasamu tu. Maandishi hayo yalienea baada ya sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890 kudai bidhaa za nje zitaje nchi zilikotoka.)

Ila hizo nimezipanga kuanzia ya nafuu.

1. Mpini uliopasuka, chuma kizima. Bei hushuka, nawe chukua. Mpini ni vibao viwili vilivyobanwa kwa pini, na vinabadilishwa. Lakini mpini wa seluloidi (plastiki ya zamani) inayomeng'enyuka ni balaa: ikioza hutoa mvuke wa asidi unaokula chuma, hata cha wembe wa jirani uliomo sanduku hilo hilo.

2. Madoa na kutu ya juujuu mgongoni au mkiani. Ni sura tu.

3. Pengo kwenye makali. Hapa toa rula. La nusu milimita linanoleka. Likizidi milimita moja, itabidi usage makali yote hadi lifutike, na kila unaposaga, mgongo nao unalika.

4. Mgongo ulioliwa. Wembe hunolewa ukiwa umelala kwenye kinoo kwa mgongo na makali pamoja, kwa hiyo unene wa mgongo ndio unaoamua pembe ya makali. Ukiona mgongo umekuwa bapa pana upande mmoja kuliko mwingine, au makali yamebonyea katikati, mwachie mwenyewe.

5. Matundu ya kutu karibu na makali. Haya ndiyo yanayodanganya wengi, kwa sababu muuzaji huyang'arisha kwa mashine mpaka ujione usoni. Ng'aro halizibi tundu. Ukinoa, unalifikia, na makali yanamegeka hapo hapo. Afadhali wembe mweusi wenye makali safi kuliko unaomeremeta.

6. Ufa. Huu hauna bei. Niliwahi kununua wembe wenye mstari mwembamba kama unywele, umetoka kwenye makali ukapanda hadi katikati ya ubapa. Nikadhani ni uchafu. Nikausugua kwa mafuta, haukutoka, nami kwa ubishi nikauweka kwenye kinoo. Mapito machache tu, kipande cha ukubwa wa ukucha kikabaki juu ya jiwe. Ingekuwa shavuni je?

Kama unanunua kwa picha, omba mbili: ubapa wa kulia na wa kushoto, mwanga ukipiga kwa ubavu. Mkwaruzo huonekana upande mmoja. Ufa mara nyingi huonekana pande zote mbili, mahali pale pale.