Gari la gesi asilia: shida sio injini, shida ni BUTI

Haya wadau, leo tuna gari la CNG, yaani la petroli lililofungiwa mfumo wa gesi asilia. Leo nataka mlione buti. Kamera njoo hapa, sogea, sogea tena. Hilo lote ni mtungi! Wa chuma, lita 60, uzito wake kama umembeba mtu mzima humo nyuma. Begi langu hili haliingii likilala, nalisimamisha hivi, sasa jaribu kufunga... umeona? Na tairi la spea je? Liko siti ya nyuma. Siti ya abiria jamani!

Utasema lita 60 si nyingi hizo. Ngoja kwanza. Gesi imeshindiliwa kwa presha ya bar 200, yaani kama mara 200 ya presha ya hewa ya kawaida, na bado mtungi mzima unabeba kilo 10 hivi, ukipiga hesabu ni sawa na petroli lita 15. Buti zima limeenda kwa lita 15! Tena hapo haujajaa kweli, maana ukijaziwa chapchap gesi inapata joto, geji inasoma imejaa, ukitembea kidogo ikapoa geji inashuka, unahisi umepigwa kumbe ni fizikia tu.

Wanaoogopa kulipuka mimi siko nao. Hii ni nyepesi kuliko hewa, ikivuja nje inapaa, ile ya kupikia ndio inatuama chini. Ila mtungi wa mtumba usio na tarehe ya kupimwa, usiuguse.

Vituo sasa, mwenye mtaji anasubiri magari yawe mengi ndio ajenge, mwenye gari anasubiri kituo kijengwe, wote wamekaa. Honda walikuwa wanauza Civic ya gesi Marekani, mwaka 2015 wakaachana nayo. Haibridi, yaani gari la petroli lenye mota ya umeme pia, inajazwa popote penye petroli, ndio maana inayapiga haya ya gesi.

Sasa nawashangaza, barabarani nimelipenda. Swichi hii, klik, limehamia gesi na hujasikia kitu, mlimani tu ndio linachoka kidogo. Kama unashinda barabarani kutwa gharama ya kufunga mfumo itarudi kwa unafuu wa gesi, kama ni kwenda kazini na kurudi utasubiri sana. Subscribe basi, natafuta lililotoka kiwandani na gesi, yale mitungi inakaa chini ya sakafu, mwenye nalo aniandikie hapo chini nije nalo buti wazi.