Floti mpya kwenye tenki la Fuso: kumbe geji ndiyo ilikuwa inamsingizia dereva

Miezi minne nilikuwa nagombana na dereva wangu juu ya mafuta, kumbe mkosaji ni kiwaya chembamba cha floti, kile kifaa cha ndani ya tenki kinachoipa geji kipimo cha mafuta.

Gari ni Fuso Fighter, tenki la lita 200, inashusha viazi Dar kutoka Njombe. Geji ilianza kucheza: mara robo, mara nusu, ukipita tuta inaruka. Mimi nilishahukumu zamani, kijana anauza dizeli njiani. Yeye jibu lake moja tu: "Bosi, pima mwenyewe." Ikabidi tuwe tunapima kwa fimbo kama watu wa kisima. Siku gari ilipozima karibu na Doma na mzigo juu, geji inaonyesha robo, ndipo nikamtafuta fundi umeme. Na dizeli ikikauka huwezi kujaza tu ukawasha. Utingo alipampu kwa mkono kutoa hewa mpaka kiganja kikamtoka malengelenge.

Floti ya zamani ilipotolewa, mambo yakawa wazi. Ni ile ya mkono wenye boya. Mkono unateleza juu ya waya wa ukinzani, na pale unaposhinda zaidi, kati ya robo na nusu, waya umelika. Mpya ya kiwandani nilikosa, na za mtumba nilizoletewa zilikuwa zimelika palepale. Nikachukua ya kijiti: bomba la chuma kisichoshika kutu, boya lenye sumaku linapanda na kushuka, na ndani ya bomba kuna swichi ndogondogo zinazoitika sumaku ikipita. Hakuna cha kusuguana hapo.

Sasa, kosa langu. Muuzaji aliuliza swali moja tu, gari gani. Omu, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme ambao geji inausoma, hakuuliza, na mimi sikujua kama zinaulizwa. Kijiti kilikuwa cha omu 240 tenki likiwa tupu na 33 likijaa, mpango wa Kimarekani. Ile ya zamani tulipoipima baadaye kwa mita ya fundi umeme, ilisoma kama 110 boya likiwa chini na karibu 3 likiwa juu. Matokeo yake tenki limejaa pomoni, geji inasema robo tatu. Likifika nusu, geji inasema limekauka. Fundi akaniambia nitazoea! Sikuzoea. Nikanunua geji inayolingana na kijiti, ya volti 24, tukaifunga pembeni ya dashibodi. Kwa hiyo kabla hujatoa hela, toa floti yako ya zamani, ipime chini na juu, uende dukani na namba hizo mbili mkononi.

Urefu nao ni hesabu. Tenki langu lina kina cha sentimita 45, kijiti nikachukua cha 40 ili kisiguse chini, kwenye maji na uchafu. Maana yake geji ikisema tupu, bado kuna kama lita 20. Sijamwambia utingo.

Tundu la Fuso halilingani na kifuniko cha bolti tano kilichokuja na kijiti. Nikaenda kwa fundi wa kerezo, mashine ya kuchonga chuma, akanitengenezea sahani ya alumini, na hii ndiyo kazi iliyofanywa vizuri kuliko zote. Matundu yake hayakupangwa kwa nafasi sawa, hivyo kifuniko kinakaa kwa upande mmoja tu. Mwonyeshe fundi kifuniko chenyewe, usimchoree. Kila kitu kitobolewe nje ya tenki. Silikoni ya kawaida msikubali, dizeli inailainisha na baada ya muda tenki linatoka jasho. Tumia gasketi ya mpira unaostahimili mafuta.

Waya ni mbili. Ule wa hasi tulifunga kwanza kwenye mwili wa tenki, geji ikawa inatetemeka kama mgonjwa wa homa. Tenki lina rangi na limekalia raba, kwa hiyo hasi haipiti vizuri. Tukauvuta hadi kwenye chesisi, tukakwangua rangi, ikatulia.

Mwisho tulimimina kwa dumu la lita 20, dumu baada ya dumu, na kila dumu naandika sindano ilipofika. Karatasi hiyo iko kwenye kioo cha mbele mpaka leo.

Miezi saba sasa. Sindano haitembei taratibu, inashuka kwa vihatua, kwa sababu ya zile swichi. Tundu letu liko mbele ya katikati ya tenki, hivyo wakipanda mlima Kitonga mafuta yanakimbilia nyuma na geji inadanganya kidogo. Wakifika tambarare inarudi. Kijiti, geji na kerezo vimenila kama shilingi 170,000, na ningetoa tena, ila ningeanza na mita.

Dereva nilimwomba radhi mbele ya utingo. Ile fimbo bado iko nyuma ya kiti, amekataa isitupwe.