Neti ya duara na neti ya pembe nne: miaka minne ya kulala Kyela

Nimezaliwa na kukulia Uyole, jijini Mbeya, na mpaka nahamishiwa Kyela kufundisha sikuwahi kulala ndani ya neti hata usiku mmoja. Kwetu usiku tunapambana na baridi. Jiji la Mbeya liko kwenye mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, mbu ni wachache, na malaria tulikuwa tunaisikia kwa watu waliotoka safari. Kyela iko chini, karibu na Ziwa Nyasa, kwenye mita kama 500 tu. Ukishapita Tukuyu unaanza kuvua sweta, ukifika Kyela mjini shati limeshika mgongoni. Pembeni ya barabara ni mashamba ya mpunga yenye maji yaliyotuama, na mashimo ya kufyatulia matofali yamejaa mvua. Mbu wa malaria anataka nini tena?

Naandika haya kwa sababu ndugu na walimu wenzangu wanaopangiwa huku wananiuliza wanunue neti gani. Nimetumia tatu, kwa mwaka wa nne sasa.

Ya kwanza niliinunua soko la Mwanjelwa, Mbeya, wiki ya kuhama. Ya duara, nyeupe, ina lesi pembeni, Sh 22,000. Niliangalia urembo, sikuuliza kama ina dawa. Haikuwa nayo. Inatundikwa kwa kamba moja kwenye kenchi, kwa hiyo ni rahisi kufunga, hilo naisifia. Lakini kwa vile inaanza na kipete kidogo juu halafu inatanuka, kwenye kitanda cha tano kwa sita inakuja mwilini. Ukigeuka, goti liko kwenye kitambaa. Ukinyoosha mkono, kiwiko kiko kwenye kitambaa. Na mbu hahitaji tundu kama ngozi imegusa neti isiyo na dawa, anasimama nje anakunyonya kupitia matundu yake ya kawaida.

Asubuhi moja niliwasha tochi ya simu kabla hakujapambazuka vizuri. Kule juu karibu na kipete walikuwa wametulia watano, matumbo mekundu, wazito hata kuruka wanashindwa. Niliwaua kwa viganja na kila mmoja aliacha doa. Damu ile ilikuwa yangu na ya mume wangu. Mwezi wa nne, mvua zimekolea, tukaugua wote wawili kwa kupishana siku tatu. Tulitobolewa kidole zahanati, kipimo kikaonyesha mistari miwili, yaani malaria, tukapewa dawa ya mseto.

Ya pili nilipewa bure kliniki nilipokwenda hudhurio la kwanza la mimba ya mtoto wangu wa pili. Huo ndio utaratibu: mjamzito anapewa neti hudhurio la kwanza, na mtoto anapewa yake akienda chanjo ya surua ya miezi tisa. Ya tatu niliipata hivyo, kwa chanjo ya mtoto. Zote mbili ni za pembe nne, zenye dawa ya muda mrefu. Rangi ya bluu, hazina lesi wala urembo wowote, na ndizo ninazozipenda.

Muuguzi aliniambia niitoe kwenye mfuko niianike kivulini siku nzima, usiku na mchana, kabla ya kuitundika. Nilikuwa nimechoka, nikaitundika jioni ileile. Usiku uso uliniwaka, macho yakawasha, nikapiga chafya mpaka mtoto akaamka. Kesho yake niliianika kwenye kibaraza, na tangu hapo haikunisumbua tena. Tafadhali msiruke hatua hiyo, maana najua majirani wawili walioachana kabisa na neti kwa sababu ya ule muwasho wa usiku wa kwanza.

Tofauti niliiona sakafuni. Nilipokuwa nafagia chini ya kitanda, nikakuta mbu wamekauka, wepesi kama maganda ya ulezi. Mbu anakuja kwa harufu ya mtu, anatua kwenye neti kutafuta njia, dawa inamshika miguuni. Kwa hiyo yenye dawa inakukinga wewe, na pia inampunguza mbu ambaye angekwenda kwa anayelala chumba cha pili. Hiyo ya duara haikuwahi kuua hata mmoja, mpaka mimi mwenyewe nipige kofi.

Na pembe nne zinafanya kazi. Kuta zinasimama mbali na mwili, na kitambaa kinabaki kirefu cha kutosha kuchomekea chini ya godoro pande zote. Kasoro yake ni misumari minne na kamba nne, na kama umepanga nyumba inabidi uombe ruhusa ya mwenye nyumba.

Lakini kitu kilichonisaidia kuliko neti yenyewe alinifundisha bibi jirani, yule ambaye kila asubuhi ananisalimia kwa Kinyakyusa, "Ugonile?", yaani umelalaje. Siku moja alikuja saa moja jioni akakuta neti yangu imekunjwa juu kama pazia, taa imewaka, mlango uko wazi. Akasema, "Mwanangu, ukiishusha wakati unakwenda kulala, umeshamfungia mbu ndani." Tangu siku hiyo neti zetu zinashushwa na kuchomekewa saa kumi na mbili jioni, kabla giza halijaingia. Anayeingia kitandani anainua upande mmoja, anapita, anachomekea akiwa ndani. Mtoto akitaka kukojoa usiku, mkubwa ndiye anayeinua na kurudisha. Inachosha, hasa ukiwa na usingizi, ila mbu hawa wanauma zaidi usiku mkubwa mpaka alfajiri, saa zilezile ambazo sisi hatujijui.

Malalamiko ninayo. Joto la Kyela mwezi wa kumi na moja ndani ya neti si mchezo, na umeme ukikatika feni imezimika. Kuna usiku nimeamka nimelowa nikataka kuipandisha juu. Tulichofanya ni kuhamisha kitanda kikae mkabala na dirisha, tukaweka wavu wa dirishani, hewa ikapita.

Halafu kufua. Neti hizi zimetengenezwa dawa istahimili kufuliwa mara 20 na matumizi ya miaka 3, lakini kwa maji ya kawaida, sabuni ya kipande isiyo kali, na kuanikwa kivulini. Msichana aliyekuwa ananisaidia kazi aliloweka moja kwenye sabuni ya unga na jiki akaianika juani mchana kutwa, kwa nia njema kabisa, ilikuwa imechafuka. Ilirudi inang'aa. Ndani ya wiki mbili nilianza kuwaona mbu wanatua kwenye neti na kuondoka salama. Sikumlaumu, ni mimi ambaye sikumwelekeza. Siku hizi nafua kila baada ya miezi mitatu hivi, si zaidi.

Mwaka wa tatu neti moja ya bluu ilianza kuchanika chini, pale inapokwaruzana na ubao wa kitanda. Tundu la kupitisha kidole linampitisha mbu kwa raha zake. Nikachukua ile ya duara, nikaikata viraka, nikashona kwa sindano na uzi mweupe. Ndiyo kazi ya maana iliyofanya tangu nimeinunua.

Sasa niwaambie ndugu zangu wa Uyole, Iringa, Makambako na Njombe, kwa sababu hapa ndipo moyo wangu ulipo. Pasaka ya mwaka juzi dada yangu alikuja na mwanawe wa miaka saba. Nyumba ilijaa, watoto tukawalaza kwenye mkeka sebuleni, usiku mbili tu, bila neti. Nilijiambia ni usiku mbili. Walirudi Mbeya mtoto akiwa mzima anacheka. Baada ya siku kama kumi na moja akapata homa na kutapika. Alipopelekwa kutibiwa, mara ya kwanza walimwambia ni mafua na tumbo, hakuna aliyemuuliza kama alisafiri, na dada naye hakukumbuka kusema. Siku ya tatu akapata degedege. Walipompima damu ikaonekana malaria kali, akalazwa siku nne. Amepona, namshukuru Mungu, lakini ile simu ya dada saa nane usiku sijaisahau.

Mtoto wa huku chini ameshaumwa na mbu hawa tangu mdogo, mwili wake umezoea kidogo. Wetu wa baridini hajazoea, ikimpata inamwangusha. Na malaria haijitokezi siku uliyoumwa na mbu, inasubiri wiki moja, mbili, hata zaidi, ukiwa umesharudi kwenye blanketi lako. Kwa hiyo mkitoka Kyela, Usangu au Pawaga kwenye mpunga na homa ikaja, anzeni kwa kusema "nilisafiri", muombe kipimo.

Kama unanunua sasa, uliza dawa iliyomo. Mbu wa sehemu nyingi nchini wamekuwa sugu kwa dawa za zamani za jamii ya pareto, ndiyo maana kuna neti mpya zilizoongezewa dawa ya pili. Utafiti uliofanyika Misungwi, Mwanza, ulionyesha kwamba neti zenye klorfenapiri, mojawapo ya hizo dawa za pili, ziliwakinga watoto vizuri zaidi, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likazipendekeza. Jina la dawa limeandikwa kwenye mfuko wa neti, usome kabla hujalipa. Ukikosa kabisa, chukua yenye dawa yoyote, ya pembe nne, kubwa kuliko kitanda chako.

Kitu kinachoniuma nikipita ufukweni ni kuona neti mpya, bado ina mikunjo ya mfukoni, inavulia usipa. Inakomba vifaranga vya samaki, dawa inaingia majini, na kuna mtoto mahali fulani analala wazi. Iliyozeeka kabisa sitabishana na mtu akizungushia mchicha. Mpya hapana.

Pasaka inakuja na dada amesema watakuja tena. Nimepigilia misumari minne sebuleni, juu ya pale mkeka unapotandikwa, na nimenunua ya nne, pembe nne, inayofika mpaka sakafuni na kubaki kitambaa cha kuchomekea chini ya mkeka. Tangu juzi inaning'inia kwenye kibaraza, kivulini.