F18A ndani ya TI-99/4A: nunua kwa ajili ya picha, mengine chukulia nyongeza

Wadau wa kompyuta za kizamani, hii F18A imesifiwa mpaka mtu anadhani akiichomeka tu mashine yake ya 1981 itageuka kuwa kitu kingine kabisa. Mimi ninayo ndani ya TI-99/4A, kompyuta ya nyumbani ya Texas Instruments, na mashine inatumika kweli, haijakaa kabatini, kwa hiyo ngoja niseme ninavyoiona: ni kitu kizuri sana ila uzuri wake hauko pale wengi wanapopigia kelele.

Kwa ambaye hajawahi kuisikia, F18A ni kijibodi kinachokaa mahali pa TMS9918A, ile chipu ya picha ya Texas Instruments yenye pini 40 ambayo pamoja na ndugu zake 9928A na 9929A utaikuta pia kwenye ColecoVision, kwenye MSX za mwanzo na kwenye Sega SG-1000. Ndani kuna FPGA, yaani chipu ambayo saketi zake unazipanga upendavyo, na hii imepangwa iige ile ya zamani mpaka kompyuta yenyewe haishtuki. Tofauti ni kwamba haitoi tena picha ya TV, inatoa VGA ya monita za kompyuta, nukta 640 kwa 480, 60Hz (picha 60 kila sekunde).

Na hapo kwenye picha ndo pesa yako imeenda. TI-99/4A herufi zake ndogo sio ndogo kweli, ni herufi kubwa zilizofupishwa, na kwa waya wa kawaida wa video ule ufupi wake unazigeuza uji, R na P unabahatisha, S na 5 unabahatisha, ukiandika programu ndefu macho yanaanza kuuma kabla hujafika popote. Sasa weka F18A uangalie skrini ileile: kila nukta imesimama peke yake, mstari wa herufi umenyooka, na ile michirizi ya rangi kwenye skrini ya kuanzia haimwagikii tena ya jirani. Rangi ni zilezile 15 lakini ni kama mtu kafuta vumbi kwenye kioo. Kuna wanaosema imekuwa kali mno, vinukta vinaonekana kama matofali, sawa, walioitengeneza wameweka jampa (kijiplagi cha kuunganisha pini mbili) ya kuwasha mistari myeusi katikati ili ifanane na TV ya zamani. Mimi nimeizima, ila najua watu wanaoipenda.

Kitu kidogo cha kuzingatia: picha ya asili ni 256 kwa 192, ikikuzwa mara mbili inakuwa 512 kwa 384, kwa hiyo pembeni unabaki na fremu, nukta 64 kila upande na 48 juu na 48 chini. Hiyo sio hitilafu, hata kwenye TV fremu ilikuwepo. Ila monita pana ya siku hizi itaivuta picha iwe nene, nenda kwenye menyu ya monita uiambie 4:3, kama haina hiyo sehemu basi tafuta monita ya zamani ya mraba, ndo zinazofaa zaidi.

Sasa kuna jambo ambalo wengi hawalitaji kabisa na mimi naona ndo sababu ya pili kubwa ya kuinunua. TI-99/4A ilivyotengenezwa ni mashine ya ajabu, prosesa yake TMS9900 ina baiti 256 tu za memori ya kwake ya moja kwa moja, ile KB 16 iliyoandikwa kwenye boksi yote ni mali ya chipu ya picha, na programu yako ya BASIC inakaa humo humo, prosesa ikitaka kuisoma lazima iombe kupitia chipu ya picha. Hiyo KB 16 imebebwa na chipu nane za 4116, na mtu yeyote anayetengeneza mashine za enzi hizo akisikia 4116 anaguna, maana zinataka volti za aina tatu (+5, -5 na +12) na ikikatika ya -5 tu zinakufa. F18A inakuja na memori yake ndani. Zile nane hazina kazi tena. Maana yake mashine iliyokuwa inaonyesha takataka au skrini tupu kwa sababu ya 4116 mbovu inaweza kufufuka kwa kubadilisha chipu moja, na kuanzia hapo BASIC yako inaishi ndani ya kijibodi kipya. Ila usijidanganye kwamba unaweza sasa kutumia pawa saplai yoyote, TMS9900 yenyewe bado inazitaka volti zote tatu.

Kufunga: kazi sio ngumu kama soketi ipo. Unafungua kava la chini, unatoa pawa saplai, unatoa bodi kubwa kwenye makava yake ya bati, chipu ya picha utaitambua haraka maana ndo ile yenye bati la kupoza na grisi nyeupe iliyokauka, zile 9918A zinachemka hasa. Futa grisi yote, ing'oe taratibu huku upande huu kidogo na huku kidogo, angalia alama ya pini ya kwanza, halafu kandamiza F18A kwenye soketi. Kama chipu yako imelehemewa moja kwa moja kwenye bodi hapo hadithi ni nyingine, kung'oa pini 40 bila kubandua njia za shaba kunataka pampu nzuri ya kunyonya lehemu na mkono uliozoea, kama huna vyote viwili mpe fundi.

Jampa msizipuuze. TI-99/4A inachukua saa (mapigo ya kuendesha chipu) ya GROM, karibu 447 kHz, kutoka kwenye chipu ya picha. GROM ni chipu za TI za memori ya kusomwa tu, na ndani yake ndo kuna BASIC na vitu vingine vya mfumo, kwa hiyo bila jampa ya hiyo saa mashine haiwaki na utaanza kulaumu kijibodi bure. Mashine nyingine zenye chipu hii zina mpangilio wao, soma maelekezo ya mashine yako, usinakili ya mwenzio.

Halafu sauti! VGA haibebi sauti, na kwenye TI sauti inatoka kwenye tundu lilelile la zamani la video, kwa hiyo utabaki na waya mbili nyuma, mmoja wa picha unaenda kwenye monita na mwingine wa zamani unaenda kwenye spika. Inakera kidogo. Tundu la VGA nalo lazima ulitafutie pa kutokea, mimi siungi mkono kutoboa kava la mashine ya umri huu, ule waya bapa unaotoka kwenye kijibodi kwenda kwenye tundu ni mwembamba, unapita kwenye nafasi zilizopo.

Spraiti, yaani vile vipicha vinavyotembea juu ya skrini kama ndege za kwenye gemu: chipu ya asili ina spraiti 32 lakini mstari mmoja wa skrini unabeba nne tu, ya tano inapotea, ndo maana gemu nyingi vitu vinametameta vikijipanga sambamba. F18A ina jampa ya kuondoa hicho kikomo. Extended BASIC, ile BASIC ya kuchomeka yenye uwezo zaidi, inakupa spraiti 28, ukizipanga zote mstari mmoja zinaonekana zote, raha yake utaijua ukiandika gemu zako mwenyewe. Kwa gemu za zamani mimi naacha kikomo cha nne, kwa sababu kuna waandishi waliotumia ile ya tano kupotea kama mbinu ya kuficha kitu, ukiondoa kikomo kinachojitokeza sicho walichokusudia.

Yale mengine makubwa, rangi za kuchagua kutoka 4096, maandishi ya safu 80 (herufi 80 kwa mstari), prosesa ndogo ndani inayoelewa amri za TMS9900, hayo ndo watu wanayatangaza na ndo utakayoyatumia mara chache kuliko yote. Programu ya 1982 haijui kama yapo. Gemu kama Parsec itabaki Parsec. Safu 80 peke yake ndo naipa alama za juu, kwenye TurboForth, lugha ya Forth ya mashine hii, unaandika ukaona mstari mzima wa kodi badala ya kukatwa katikati, ukiwa mtu wa kuandika programu hiyo peke yake inatosha kukushawishi, ukiwa mtu wa gemu tu utaisahau.

Wenye mashine za PAL, yaani za mfumo wa TV wa Ulaya, sikilizeni hapa. Chipu yenu ya 9929A inafanya kazi 50Hz, F18A ni 60Hz basi, hakuna kubadili. Kwenye TI muziki na mwendo wa spraiti vinaendeshwa na kengele ambayo chipu ya picha inampigia prosesa kila picha moja ikiisha, kwa hiyo kila kitu kinachotegemea hiyo kengele kitakwenda haraka zaidi kwa asilimia 20. Kwa gemu za Marekani hiyo ndo kasi iliyokusudiwa na nyie ndo mlikuwa mnacheza polepole muda wote huo, ila gemu iliyoandikwa kwa PAL itakimbia, na kama mkono wako umeizoea ile kasi jiandae kufa mara nyingi mwanzoni.

Ukiikosa F18A kuna PICO9918, hiyo inatumia RP2040, chipu ileile ya kijibodi cha Raspberry Pi Pico, nayo inakaa kwenye soketi hiyohiyo na kutoa VGA, na michoro yake iko wazi kwa anayetaka kujitengenezea. Kama shida yako ni picha safi tu, anza kuitafuta hiyo.